Husuni Kubwa haikuwa ngome: jibu kwa mwalimu anayepeleka wanafunzi Kilwa Kisiwani

SWALI: Nafundisha historia sekondari, na muhula huu nawapeleka wanafunzi 38 wa kidato cha pili Kilwa Kisiwani. Kitabu kimoja kinasema Husuni Kubwa ilikuwa ngome ya masultani, kingine kinasema ilikuwa jumba lao. Kuhusu Gereza nako kuna wanaosema ni la Wareno na wanaosema ni la Waarabu. Ukweli ni upi, na niwaonyeshe nini pale ili wauone kwa macho yao? Halafu najua wataniuliza: kwa nini nyufa zisizibwe kwa saruji tu?

JIBU: Mwalimu, Husuni Kubwa ni jumba, na ngome ni Gereza. Majina ndiyo yanayowachanganya watu, kwa sababu pale Kilwa yamekaa kinyume. Husuni linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ngome, lakini jengo lenyewe lilikuwa makao ya sultani na ghala za biashara. Gereza kwetu leo ni jela, lakini jengo lile lilijengwa kwa ajili ya askari na mizinga. Neno gereza lenyewe, kwa maelezo yanayokubalika na wengi, lilitoka kwenye Kireno *igreja*, yaani kanisa, maana ndani ya ngome zao Wareno waliweka kanisa. Baadaye ngome hizo zikafungiwa watu, kama Fort Jesus ya Mombasa iliyokuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958, na maana ya kanisa ikasahaulika kabisa. Hapo hapo una kipindi kizima cha Kiswahili ndani ya safari ya historia, ukikitaka.

Kwa hiyo usianze na majina, anza na kuta. Ngome ina dalili zake, na mtoto wa miaka 15 anaweza kuzikagua mwenyewe akielezwa atafute nini. Mlango wake ni mmoja au miwili, tena mwembamba. Madirisha ya nje hayapo, au ni matundu tu ya kupitisha mtutu. Pembeni kuna minara iliyojitokeza nje ya mstari wa ukuta, ili aliye mnarani aweze kumlenga adui aliyejibana chini ya ukuta. Juu kuna njia ya kutembea nyuma ya ukingo. Na ndani kuna maji, kwa sababu ngome isiyo na maji husalimu amri kwa kiu kabla ya risasi. Wape wanafunzi dalili hizo tano wakiwa bado Kilwa Masoko, mji wa bara mnakopandia chombo, kisha waende nazo kila jengo.

Wakifika Husuni Kubwa nazo, watatoka karibu mikono mitupu. Jengo liko juu ya mwamba, mashariki mwa mji wa kale, na upande wa bahari mwamba wenyewe ni kinga nzuri. Hicho ndicho kilichowadanganya waliolitazama kwa mbali. Lakini kutoka ufukweni kuna ngazi zinazopanda moja kwa moja hadi kwenye jumba. Mtu anayeogopa kuvamiwa kwa baharini hamjengei mvamizi ngazi. Upande wa kusini, unaotazama nchi kavu, kuna ua mkubwa sana uliozungukwa na vyumba virefu vyembamba vinavyofanana, kimoja baada ya kingine. Hizo zinaaminika kuwa ghala na mahali pa shughuli za biashara. Ukivuka kuelekea kaskazini unaingia makaoni: ua wenye ngazi za mawe kandokando ambapo watu waliweza kuketi sultani alipokaa barazani, vyumba vya familia, na lile birika maarufu la kuogea lenye pembe nane. Vyumba kwa jumla vinapita 100. Sehemu ya paa ilikuwa bapa na sehemu ilikuwa kuba na matao, jambo lisilo la kawaida kwa nyumba za pwani yetu.

Lisimamishe darasa kwenye birika. Kilwa haina mto, maji yake ni ya visima. Birika la ukubwa ule lilijazwa kwa maji ya kutekwa na kubebwa, ndoo kwa ndoo, ili watu wachache waoge. Waulize wanafunzi: nani alibeba? Swali hilo linafungua mazungumzo kuhusu watumwa na vibarua kuliko aya yoyote ya kitabu.

Aliyelijenga anajulikana. Wakati wa ufukuaji ulioongozwa na mwanaakiolojia Mwingereza Neville Chittick lilipatikana jiwe lenye maandishi ya Kiarabu yaliyomtaja al-Hasan bin Sulaiman kwa cheo cha al-Malik al-Mansur. Huyu alikuwa wa ukoo wa Mahdali na alitawala takriban kuanzia 1310 hadi 1333. Ndiye ambaye Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alimkuta alipofika Kilwa mwaka 1331, akamwandika kwa lakabu ya Abul-Mawahib, baba wa vipawa, kwa jinsi alivyokuwa mkarimu. Anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemeni alimwomba sultani nguo alizovaa, naye sultani akaingia ndani, akavua, akampa. Ukarimu ule ulikuwa na chanzo: dhahabu iliyotoka bara, kwenye nyanda za Zimbabwe, ikateremka hadi Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji, na Kilwa ikiwa imeishika njia ya Sofala. Sarafu moja yenye jina la sultani huyu huyu ilikutwa Great Zimbabwe. Jumba lenyewe halikukaliwa muda mrefu, na kuna sehemu zinazoonyesha kwamba ujenzi haukukamilika.

Sasa Husuni Ndogo, iliyo jirani, inatatiza zaidi. Ni ukuta mnene wa mstatili wenye minara kwenye pembe na katikati ya pande zake, na ndani karibu ni patupu. Kwa dalili zetu tano hii inapata alama nyingi kuliko dada yake mkubwa. Wapo wanaoiona kambi ya askari, wapo wanaoiona ghala au soko lenye ulinzi. Mimi naegemea kwenye ghala yenye ulinzi, kwa kuwa ukuta unaonekana kuogopa wezi kuliko majeshi, lakini usiwape wanafunzi jibu hilo kama la mtihani. Waache wabishane. Pale vichaka vimezoea kurudi haraka, basi muulize mwenyeji wenu mapema kama njia imefyekwa.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: mji tajiri hivyo, wa dhahabu, uliishi vipi karne kadhaa bila ngome? Jibu lake ni bahari. Kilwa ni kisiwa, mlango wake wa bahari ni mwembamba na una miamba na mafungu, na asiye na rubani wa kienyeji hupanda mwamba. Waliokuja na pepo za kaskazi walikuja kununua, na mnunuzi hana faida ya kuuchoma mji anaorudi kila mwaka. Ulinzi wa aina hiyo unafanya kazi mpaka siku anapokuja mtu asiyetaka kurudi mwakani, au mpaka mwenyeji anapoonyesha njia. Yote mawili yalitokea. Mwaka 1587, kwa masimulizi ya padri Mreno João dos Santos, Wazimba walivuka maji yalipokupwa wakiongozwa na mtu wa Kilwa mwenyewe, wakaua watu wengi. Hesabu yake ya waliouawa ni 3,000, nayo ipokelewe kwa tahadhari. Lakini habari ya kuvuka maji yakikupwa inalingana vizuri na mahali penyewe: bahari ni ukuta unaofunguka mara mbili kwa siku.

Tukio la kwanza, la mtu asiyetaka biashara ya kawaida, lilikuwa kabla ya hapo. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliulazimisha mji utoe kodi ya dhahabu, na dhahabu hiyo ikatumika kutengeneza chombo cha ibada kilichokamilika 1506, ambacho mpaka leo kinaonyeshwa katika jumba la makumbusho mjini Lisbon. Julai 1505 akafuata Francisco de Almeida na merikebu zenye mizinga. Amiri Ibrahim, mtawala wa Kilwa, alikimbia, mji ukatekwa kwa upinzani mdogo na kuporwa. Shahidi mmoja aliyekuwa katika msafara huo aliandika habari inayofaa sana kwa darasa lako: Wareno walichukua nyumba iliyo nzuri kuliko zote, wakaigeuza kuwa ngome, na nyumba zote zilizoizunguka wakazibomoa.

Kwa nini wabomoe? Hapa ndipo wanafunzi wanaelewa ngome ni kitu gani. Mzinga unahitaji uwanja mtupu mbele yake. Nyumba iliyo jirani inamficha adui, inampa kimo cha kupigia, na ikiwaka moto inakuunguza nawe. Ngome yoyote inaanza kwa kuua mtaa unaoizunguka. Husuni Kubwa haikuhitaji hilo. Gereza la kwanza lililihitaji.

Ngome hiyo waliipa jina la Santiago na wakaiacha mwaka 1512. Haikuwalipa: walishajenga ngome nyingine Sofala, kwenye chanzo chenyewe cha biashara, na wafanyabiashara wa Kilwa walitawanyika kuwakwepa. Kwa hiyo anayekuambia Gereza ni la Wareno anasema kweli kuhusu mwanzo wake tu. Jengo unaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la Waomani, la karibu na mwaka 1800, baada ya Oman kuishika Kilwa miaka ya 1780, na kazi ya Wareno iliyobaki imemezwa humo. Umbo linajieleza: mraba wenye minara miwili kwenye pembe zinazotazamana kimshazari. Kwa nini miwili na si minne? Kwa sababu kila mnara unaangalia kuta mbili, basi miwili iliyokaa mshazari inatosha kuzilinda zote nne kwa nusu ya gharama. Utaona mpango huo huo kwenye ngome kongwe ndogo ndogo za Oman na pwani yetu. Wachoree wanafunzi mraba mchangani kwa kijiti, waweke mawe mawili kwenye pembe, kisha wapige mistari ya risasi. Dakika tano zinatosha, na hawatasahau.

Upande wa Gereza unaotazama maji umeliwa na bahari, na sehemu ya ukuta imekwenda. Hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yawekwe kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004. Yalitolewa humo 2014, baada ya kazi ya kuimarisha kuta, kufyeka vichaka na kupunguza mmomonyoko.

Makutani nitapita haraka. Jina ni Kiswahili safi, penye makuta, yaani kuta kubwa. Ni ua mpana wenye ukuta mrefu upande wa magharibi wa mji, na jumba lililomo ndani kwa sehemu kubwa ni la karne ya 18, Kilwa ilipoinuka tena kwa biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Ni sultani wa enzi hiyo aliyetia saini mwaka 1776 mkataba na Mfaransa Jean-Vincent Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka. Waambie wanafunzi hivyo hivyo, wakiwa wamesimama pale pale. Kuhusu ukuta wa kuzunguka mji mzima, Songo Mnara, kisiwa kilicho kusini mwa Kilwa, kinao. Kama bajeti ingeruhusu siku ya pili ningekuambia uende huko, kwa kuwa nyumba zake za karne ya 14 hadi 16 zinasomeka kuliko za Kilwa yenyewe.

Msikiti Mkuu ndio unaostahili muda mrefu zaidi ndani ya mji, ijapokuwa hukuuliza. Ukumbi mdogo wa kaskazini ndio wa zamani, wa karne ya 11 au 12, wenye paa bapa lililoshikwa na nguzo. Al-Hasan bin Sulaiman aliupanua kusini kwa ukumbi mkubwa mara kadhaa kuliko huo, wenye kuba na matao, juu ya nguzo zilizochongwa kila moja kwa jiwe moja la matumbawe. Upanuzi huo ukaanguka. Ulijengwa upya karne ya 15, safari hii kwa nguzo nene za pembe nane zilizojengwa kwa mawe na chokaa. Linganisha: paa bapa linasukuma chini tu, lakini tao na kuba husukuma pia kwa pembeni, na nguzo nyembamba ya jiwe moja ikisukumwa pembeni haina pa kujishika. Fundi wa pili alijifunza kwa kosa la wa kwanza. Ukitaka waone mabadiliko kwa mkono, waambie wawili washikane mikono kuzunguka nguzo ya kusini.

Tuje kwenye saruji. Ili ujibu swali hilo ni lazima wanafunzi wajue kwanza kuta zimejengwa kwa nini, na hilo linaonekana ukisogea karibu. Watafute mahali plasta imebanduka. Jiwe la kujazia ni la mwamba wa nchi kavu, lenye matundu na vipande vya chaza ndani yake, gumu na zito. Kwenye miimo ya milango, mihrabu na kingo za tao wataona jiwe jingine, jepesi, lenye vitobo vidogo sana vilivyopangika kama sega. Hilo ni tumbawe la baharini, lililokatwa likiwa bichi, likachongwa kabla halijakauka, kwa sababu likishakauka huwa gumu na nakshi haiingii vizuri. Kati ya mawe kuna udongo mweupe, yaani chokaa. Wautazame kwa makini, wasiukwangue: ndani yake mna chembe nyeusi nyeusi. Ni makaa. Chokaa ilichomwa kwa kurundika magogo mabichi kwa duara, matumbawe yakawekwa juu, na moto ukawashwa katikati mpaka lundo lote likaporomoka kuwa jivu na chokaa pamoja. Kisha ikaachwa inyeshewe na kulala kwa miezi kabla ya kutumika. Makaa yaliyobaki humo ni ya moto wa mafundi wa miaka 700 iliyopita.

Inueni macho. Juu ya kuta za vyumba vilivyokuwa na paa bapa kuna safu ya matundu yaliyopangwa kwa nafasi sawa. Humo zilikaa boriti za mikoko. Mwambie mmoja apime upana wa chumba kwa hatua: atapata kama mita 2.5 hadi 3, na kila chumba atakachopima kitakuwa hapo hapo. Boriti ya mkoko haibebi zaidi ya hapo, kwa kuwa juu yake kulipangwa mawe na kumwagwa zege nene la chokaa lililopigwa kwa magongo. Ndiyo maana vyumba vya Waswahili wa kale ni virefu na vyembamba, na ndiyo maana chumba cha ndani kabisa ni kizito kwa giza. Mchwa na unyevu vilipoimaliza boriti, paa lote lilishuka mara moja, na kifusi mnachokanyaga sakafuni ni dari.

Ukuta uliovuliwa paa hunywa maji kutokea juu, na hapo ndipo uharibifu unapoanza. Mvua inaingia kwenye kiini, inaosha chokaa ndani, mawe yanalegea. Mbegu ya mtini-mwitu inayoangushwa na ndege inaota kwenye ufa, na mzizi unaupanua. Chumvi ya upepo wa bahari inaingia na unyevu, unyevu ukikauka chumvi inabaki na kuwa fuwele zinazoupasua uso wa jiwe. Ukuta wa chokaa unavumilia hayo kwa kiasi kwa sababu unapumua: unyevu ulioingia unapata pa kutokea, na unatokea kwenye chokaa, iliyo laini kuliko jiwe. Chokaa ndiyo inayoliwa, na chokaa inabadilishwa.

Saruji inageuza mpango huo. Ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu vizuri. Maji yanayotafuta njia ya kutoka yanakuta mlango umefungwa, yanapita kwenye jiwe, na chumvi inakaa kwenye jiwe badala ya kukaa kwenye kiungo. Baada ya misimu kadhaa utaona kiungo cha saruji kimesimama imara, kimechomoza kama mfupa, na jiwe la katikati limekuwa shimo. Saruji nyingi pia ina chumvi zake, inaongeza mzigo juu ya mzigo. Na haikunjuki pamoja na ukuta unaopata joto na baridi, kwa hiyo inajitenga, inaacha ufa mwembamba nyuma yake, na maji ya mvua yanaingia humo bila kuonekana. Anayetazama kwa nje anasema pameshatengenezwa.

Kazi inayofaa huenda hivi, kwa ufupi. Mti ulioota ukutani hukatwa na kuuawa shina, hauvutwi, kwa kuwa mzizi umeyakumbatia mawe na ukiung'oa unaondoka nayo. Husubiriwa ukauke, ndipo utolewe kidogo kidogo. Kiungo husafishwa mpaka kwenye chokaa ya zamani iliyo bado imara, kisha huloweshwa kwa maji matamu, kwa sababu jiwe kavu hufyonza maji ya chokaa na kuiacha vumbi. Mchanganyiko wa kawaida ni sehemu 1 ya chokaa iliyolala kwa mchanga sehemu 3, na mchanga wa ufukweni hautumiki mpaka uoshwe chumvi yake. Tundu kubwa halijazwi kwa chokaa peke yake, itapasuka ikikauka. Hujazwa vipande vya mawe, chokaa ikishika kati yake. Kisha hufunikwa magunia yaliyolowa, siku saba au zaidi, kwa sababu chokaa haikauki tu, inageuka polepole kuwa jiwe kwa kunywa hewa ukaa, na ikikaushwa na jua siku ya kwanza kazi hiyo haifanyiki. Mwisho, juu kabisa ya ukuta, huwekwa kofia ya chokaa yenye mteremko mdogo ili mvua ishuke nje. Ukiniuliza fedha kidogo zilizopo zitumike wapi, nitasema kwenye kofia kabla ya kitu kingine chochote, hata kama haionekani kwenye picha.

Sasa safari yenyewe. Kilwa Masoko iko takriban kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam, mnaacha barabara kuu Nangurukuru. Kibali cha kuingia magofuni huchukuliwa Kilwa Masoko kabla ya kupanda chombo, pamoja na mwongozaji. Nenda na barua ya shule na orodha ya majina, na omba kibali siku moja kabla, vinginevyo asubuhi yenu nzuri itaishia ofisini. Wanafunzi 38 wagawe makundi mawili yenye mwalimu kila moja, maana vyumba vya Husuni havichukui zaidi ya 20 wakasikia kitu. Koti la kuokolea maisha kila mtu, na uyahesabu mwenyewe kabla ya kushuka gatini.

Wengi huanza na Gereza kwa sababu vyombo hutia nanga karibu nalo, kisha wanafika Husuni Kubwa saa 6 mchana, jua kali, hakuna kivuli, watoto wamechoka. Geuza. Muombe nahodha awashushe ufukweni chini ya Husuni, mpande kwa upande wa ngazi kama alivyopanda mgeni wa sultani, kisha mtembee kurudi mjini: Husuni Ndogo kama kumefyekwa, halafu Msikiti Mkuu, Msikiti Mdogo wa kuba ambako watafute darini alama za mabakuli ya kigeni yaliyopachikwa kwenye chokaa, Makutani, na mwisho Gereza, ambako chombo kitawangoja. Hesabu saa tano bila haraka. Maji ya kunywa lita 1.5 kwa kila mmoja, viatu vya kufunika kidole, na hakuna kupanda ukuta wala kuokota kigae. Kigae kilichohamishwa kutoka kilipolala hakiwezi tena kumwambia mtafiti chochote. Mnapita pia katikati ya kijiji chenye watu na makaburi yanayozuriwa, kwa hiyo mavazi ya heshima, na picha za watu kwa ruhusa.

Mpango huo unategemea maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, bahari ya kwetu hupwa sana karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 jioni. Mkifika asubuhi chombo kitakwama mbali na mtatembea kwenye matope na mawe makali. Siku za maji mafu, kama siku saba baada ya mwezi mpevu au baada ya mwandamo, maji hujaa asubuhi hiyo ya saa 4, na jioni hayapungui sana. Chagua tarehe hiyo kwenye kalenda ya mwezi kwanza, ndipo uiandikie shule barua ya ruhusa, kisha mthibitishie nahodha saa kwa simu jioni ya kuamkia safari.